Pesa ya ovaloki niipeleke kwenye kusafisha damu?

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri miaka 36, fundi cherehani hapa Tanga, kibaraza changu kipo Makorora. Nakuandikia leo Jumatano usiku kwa sababu Jumatatu asubuhi natakiwa nipeleke shilingi 1,700,000 mahali fulani, na moyo wangu mara unakubali, mara unakataa.

Tatizo langu ni ngozi. Huu mwaka wa tisa, tangu nilipojifungua mtoto wa pili. Lilianza kwenye viwiko: madoa mazito, makavu, yenye magamba meupe juu, ukiyakwangua yanadondoka kama machicha ya nazi yaliyoanikwa. Yakaenda magotini, yakapanda kichwani nyuma ya masikio. Miaka miwili hii yamekimbilia mgongoni na kiunoni. Kila alfajiri nakung'uta shuka uani kabla mume wangu hajaamka, asione kilichobaki kitandani.

Kuna wakati yanapungua. Nikienda kwetu Moa kumsaidia mama kazi ya mwani, nikakaa wiki mbili tatu juani na kwenye maji ya bahari, narudi mikono imelainika. Nikishafika Makorora nikavaa baibui langu la mikono mirefu, mwezi hauishi yamerudi.

Nimehangaika, Shangazi. Zahanati ya kwanza waliniambia fangasi, nikapewa vidonge na mafuta. Ya pili wakasema aleji, nikakatazwa samaki, pweza, kamba na mayai. Mtu wa Tanga nikakaa mwaka mzima nakula maharage, na ngozi haikubadilika hata kidogo. Kisha mama mmoja sokoni akaniuzia mafuta kwenye mkebe mweupe usio na lebo. Hayo ndiyo yaliyonipa nafuu: siku tatu tu, madoa yamelala. Nikiacha wiki moja yanarudi mara mbili. Nayatumia huu mwaka wa pili. Sasa ngozi ya ndani ya viwiko imekuwa nyembamba, ina michirizi.

Mwezi uliopita jirani yangu alinipeleka kwa bwana mmoja aliyekodi nyumba upande wa Raskazone, anatibu kwa dawa za Kihindi, Ayurveda. Amevaa koti jeupe, ukutani kuna picha za matumbo ya watu. Alinitazama ulimi, akanishika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akafumba macho, akasema damu yangu ni chafu, moto umezidi mwilini, sumu za miaka zimetafuta pa kutokea zikapata ngozi. Dawa yake ni panchakarma, siku 21. Atanisinga mafuta, atanifukiza, atanitapisha, ataniharisha, mwisho atanipaka ruba wanyonye damu mbovu. Amesema nikimaliza sitaugua ngozi tena maishani. Nimemuuliza kama ni mtaalamu, akasema alikwenda India.

Nilimpa 150,000 ya kuanzia. Akanipa chupa ya samli chungu na vidonge vidogo vyeusi vilivyofungwa kwenye karatasi. Samli nainywa alfajiri kabla ya kula chochote: siku ya kwanza vijiko viwili, ya pili vitano, ya tatu nusu kikombe. Inakwama kooni kama nta, mpaka uisukume kwa maji ya moto. Siku hiyo ya tatu niliinuka kwenye cherehani nikaona giza, nikakaa. Nilipompigia alifurahi, akasema hiyo ndiyo sumu inaanza kutoka, na nisishangae ngozi ikiharibika zaidi kabla ya kupona. Akanikumbusha niache dawa zote za hospitali kwa sababu zinagombana na zake. Mimi nina presha, huu mwaka wa pili, nameza vidonge viwili: atenolo na kile cha kukojoa.

Pesa ninayo. Ni mgao wa kikoba, 1,900,000, na nilikuwa nimeiweka ya kununua ovaloki, mashine ya kuziba kingo za nguo. Mume wangu ni kibarua bandarini, amesema nifanye ninavyoona. Mama mkwe anasema huu si ugonjwa wa hospitali wala wa Wahindi, kuna mkono wa mtu. Tangu madoa yafike mgongoni amenitengea kikombe changu, na sahani yangu. Na mwezi wa Rajabu mteja alinirudishia gauni jeusi la harusi kwa sababu alikuta unga mweupe kwenye mshono wa bega. Hakusema neno. Aliliweka tu mezani akakung'uta vidole.

Nimesahau, sijui kama lina maana: asubuhi vidole vyangu vinakakamaa, siwezi kushika mkasi mpaka saa nne hivi. Nadhani ni kazi. Na kucha zimeingia vitundu vidogovidogo kama kustabani ninayovaa nikishona.

Nilipe, nisilipe? Huyo jirani mikono yake imepona, nimeiona kwa macho yangu.

Fundi wa Makorora

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya ngozi, presha. Barua yako haisemi kama vile vidonge viwili umeviacha kweli au umeambiwa tu uviache. Kama umeviacha, kesho asubuhi kabla hujafungua kibaraza pitia zahanati iliyo karibu upimwe, na useme wazi ni siku ngapi hujameza. Atenolo si dawa ya kuachwa ghafla. Moyo ulioizoea ukinyang'anywa kwa siku moja unaweza kwenda mbio vibaya na presha ikaruka. Wala usijirudishie dozi kwa kukisia. Samli na vile vidonge vyeusi visimame hapohapo vilipofika.

La pili: Jumatatu usilipe. Nitakueleza kwa urefu, maana hukuuliza swali la kijinga, na sitaki ufikiri Shangazi anadharau dawa za watu.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Kila shule zikikaribia kufunguliwa bibi alitupanga watoto sita barazani, kila mmoja na bilauri yake ya haluli, na kipande cha chungwa mkononi cha kuondolea uchungu. Choo kilikuwa kimoja. Sina haja ya kukusimulia asubuhi ile ilivyokwenda. Watu wa Pwani tunasafishana tangu zamani: sanamaki na haluli za tumbo, kujifukiza chini ya blanketi, kusingwa, kuumikwa kwa pembe, siku hizi hijama. Ndiyo maana maneno ya yule bwana yamekuingia upesi. Ameyasema kwa Kihindi, wewe ulikuwa unayajua kwa Kiswahili.

Na panchakarma ni tiba kweli ya watu wa Bara Hindi, haikubuniwa Raskazone. Pancha ni tano, karma ni tendo. Matendo yenyewe wengi wanayahesabu hivi: kutapisha, kuharisha, kuingiza dawa kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani, na kutoa damu. Kabla yake mgonjwa hunyweshwa samli yenye dawa, kipimo kikipanda kila siku, kati ya siku 3 na 7. Halafu anasingwa, anafukizwa. Wanavyoamini wao, taka zilizogandamana mwilini zinalainika, zinateremka tumboni, ndipo zinatolewa. Baadaye ni uji mwepesi wa mchele, ukizidishwa uzito kidogokidogo. Kwao India daktari wa Ayurveda anakaa chuoni miaka minne na nusu, na mwaka mmoja wa mazoezi juu yake. Huyu wako alikwenda India. Hata mimi nimekwenda Mafia, sikurudi mvuvi.

Sasa sikia vitabu vyao wenyewe. Magonjwa ya ngozi wameyakusanya chini ya jina moja, kushtha, wakayagawa aina 18. Na kwa mgonjwa wa kushtha maagizo ya kale ni kwamba atapishwe kila nusu mwezi, aharishwe kila mwezi, na atolewe damu kila miezi sita. Hebu hesabu. Mtu anayeambiwa aharishwe kila mwezi hajaahidiwa kupona kwa siku 21. Wazee waliotunga tiba hii walijua kuwa ugonjwa huu unakwenda na kurudi, wakaupangia ratiba ya kurudi. Hilo la "sitaugua tena maishani" ameliongeza yeye.

Halafu liko la hesabu ya choo. Kwa mizani yao, kuharisha kulikotimia kwa nguvu zote ni safari 30. Thelathini, mwanangu, kwa mtu anayemeza kidonge cha kukojoa. Kidonge kile kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini, na kinaondoka na potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa. Kuharisha nako kunaitoa hiyohiyo, kutapika kunaongezea. Nilipokuwa muuguzi tuliletewa mama aliyekunywa dawa ya kusafisha tumbo siku mbili mfululizo. Alikuja amebebwa kwenye kanga, miguu imekaza misuli kama mbao, mapigo ya moyo yanaruka hatua. Alipona, lakini kwa dripu na wodi ya siku nne. Naye alikuwa ameambiwa sumu inatoka.

Neno hilo litazame vizuri, kwa sababu limefunga milango yote. Ukipata nafuu, ni dawa yake. Ukizidiwa, sumu inatoka, na hiyo pia ni dawa yake. Usipoona kitu, sumu zako ni za miaka, ongeza wiki. Hakuna siku atakayokuambia nimeshindwa, nenda hospitali. Mimi mganga wa namna hiyo simuogopi kwa sababu ya dawa zake. Namuogopa kwa kuwa hana pa kusimama.

Vile vidonge vyeusi navyo sikuvipenda. Dawa nyingi za Ayurveda ni majani, mizizi na magome, na baadhi tunazo uani: manjano, tangawizi, hata mwarobaini wetu asili yake ni upande huo. Lakini liko tawi la tiba hiyo linalotumia madini yaliyochomwa yakawa unga, zebaki ikiwamo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha majibu ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa kwenye intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Sisemi vyako vinayo. Nasema umepewa kitu kwenye karatasi, hakina jina, na umekitia tumboni.

Uliloliandika mwisho ndilo lililonisimamisha: vidole. Sipimi mtu kwa barua, na daktari ndiye atakayekupa jina la ugonjwa. Ila madoa mazito viwikoni, magotini, nyuma ya masikio na kiunoni, magamba meupe, kucha zenye vitundu, na vidole vinavyokakamaa asubuhi hadi saa nne, kwa aliyekaa wodini jina la kwanza linalomjia ni soriasisi. Ngozi ya mtu mzima hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Kwenye doa la soriasisi kazi hiyo inafanyika kwa siku chache tu, ngozi changa inaisukuma ile ya juu kabla haijakomaa, ndiyo magamba unayoyakung'uta alfajiri. Anayeiharakisha ni askari wa mwili mwenyewe, kinga yetu, aliyekosea adui. Damu yako si chafu. Samaki wala pweza hawakuhusika, kula.

Na askari huyo haishii kwenye ngozi. Kwa baadhi ya wagonjwa anaingia kwenye viungo, hasa vya vidole, na dalili yake ni hiyo ya kukakamaa asubuhi na kulainika kadiri unavyovitumia. Maumivu ya kazi huenda kinyume: asubuhi mzima, jioni umechoka. Kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa, lakini kikiwahiwa zipo dawa za kuzuia kisiliwe. Wewe ni fundi. Madoa unaweza kuyafunika kwa baibui, vidole utavifunika na nini? Hii ndiyo sababu kubwa ya kukukataza zile siku 21. Hata kama yule bwana asingekudhuru hata chembe, ni mwezi mwingine umepita na hakuna aliyevitazama vidole vyako.

Kuna mengine mawili ya kumwambia daktari, na usiyaone madogo. Atenolo, pamoja na ndugu zake, kwa baadhi ya watu huchochea soriasisi, na wewe mwenyewe umesema yamekimbilia mgongoni miaka miwili hii. Zipo dawa nyingine za presha. Muulize kama anaweza kukubadilishia, naye ndiye atakayepanga namna ya kuiacha atenolo polepole. La pili ni mkebe. Mafuta yanayolaza doa kwa siku tatu, yakiachwa linarudi mara mbili, na ngozi inakonda na kuingia michirizi: kwa kila dalili hiyo ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na huenda imechanganywa na mengine. Dawa hiyo hospitalini ipo, inaandikwa kwa kipimo, kwa wiki, kwa mahali maalumu. Ya kujipaka mwili mzima miaka miwili inaingia hadi ndani, na moja ya kazi zake huko ni kupandisha presha. Mkebe miaka miwili, presha miaka miwili. Sijasema moja limemzaa mwenzake, mtajie tu daktari tarehe zote mbili. Usiutupe mkebe leo kwa hasira. Ukiikatisha ghafla ngozi inaweza kulipuka, ndipo yule bwana angekuambia, si unaona, sumu. Mwili ukiwa mwekundu au wa zambarau kote, ukapata homa na baridi, au vipele vidogo vya usaha vikatoka kwa wingi, hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku.

Liko jaribio moja unaloweza kulifanya sasa hivi. Fumba macho, mwanao mkubwa akuguse kwenye madoa kwa ncha ya uzi, mara kwenye doa, mara pembeni. Ukiwa unausikia uzi kila mahali, vyema. Ukikuta doa ambalo halisikii kitu, kaliseme la kwanza, kwa sababu hiyo ni dalili ya ukoma. Nao unatibika kabisa, na dawa zake ni bure. Sidhani ndio wako. Lakini kushtha niliyokutajia, kwa Kihindi cha leo ndilo jina la ukoma, na miaka yote hii umetibiwa fangasi, aleji, damu chafu na mkono wa mtu, magonjwa manne, bila mtu kukugusa kwa uzi.

Ya jirani yako nayaamini. Mtu aliyelala wiki tatu, akasingwa mafuta kila siku, akala uji, akapumzika na mawazo, magamba yake yatalainika. Mafuta peke yake yanatosha kufanya hivyo. Na soriasisi hupungua yenyewe kwa miezi, kama yako inavyopungua Moa. Tena hujui jirani alikuwa na ugonjwa gani. Tafiti za panchakarma kwa soriasisi zipo, ila ni chache na za watu wachache, hazitoshi kumlipisha fundi mgao wake wa mwaka. Ninachoweza kukuambia ni kurudi kumtazama mikono baada ya mfungo ujao.

Na Moa yenyewe umenipa jibu ukalipita. Kule unakaa juani umekunja mikono. Jua kwa kiasi linaituliza soriasisi, hospitali kubwa zinatumia mwanga wa taa maalumu kwa kazi hiyohiyo. Uani kwako, ukuta ukikusitiri, vua baibui asubuhi, dakika kumi au kumi na tano, viwiko na magoti yapate. Usijiunguze. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na maji, jipake vaselini au mafuta ya nazi yasiyotiwa marashi, mengi, na usiyakwangue magamba kwa kucha wala jiwe. Wazee wetu walikwenda kuoga kwenye maji moto ya Galanos kule Amboni, yale yanayonuka kama mayai viza, kwa ajili ya ngozi na viungo. Ukitaka kwenda Jumapili na watoto, nenda. Si dawa, ni matembezi mazuri, na ni bei ya bajaji.

Sasa pa kwenda. Anzia zahanati uliyosajiliwa, omba barua ya rufaa ya kwenda Bombo, hospitali ya mkoa, na huko uulizie siku ya kliniki ya ngozi. Ikishindikana, au ukiambiwa tena "aleji" bila kuvuliwa nguo utazamwe mgongo, basi linalotoka stendi ya Kange asubuhi linakufikisha Moshi kabla ya jioni. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, ndiko wanakofundishwa matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Wanaweza kukata kipande kidogo cha ngozi wakakipima, jina likajulikana. Nauli, kulala na vipimo havitamaliza ovaloki. Tiba yake haina siku 21. Kuna mafuta ya kulainisha magamba, ya lami, ya steroidi kwa kipimo. Kwa walioshikwa na viungo kuna kidonge cha methotreksati, ambacho ni cha mara moja kwa wiki, si kila siku, kinataka damu ipimwe mara kwa mara na mwanamke asibebe mimba. Kama mnapanga mtoto wa tatu, sema mapema. Utakuwa na miezi mizuri na miezi mibaya, na ile mibaya itapungua.

Mama mkwe. Soriasisi haiambukizi, si kwa kikombe, si kwa shuka, si kwa kitanda cha ndoa. Lakini usimwambie wewe, maana ukisema wewe utaonekana unajitetea. Siku ya kliniki nenda na mumeo. Mwombe daktari aseme mbele yake, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba haiambukizi, kisha mwanamume amfikishie mama yake. Na mumeo huyo, mwanangu, miaka tisa analala kwenye shuka unalolikung'uta gizani, unadhani hajui? Huyo anajua na amenyamaza kwa adabu. Siku moja mwachie shuka.

Kama baada ya yote hayo bado unatamani kusingwa, singwa. Tafuta mtu mwenye cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwani sheria ya mwaka 2002 inamtaka asajiliwe, na mkubaliane mafuta ya nje tu: hakuna kutapika, hakuna kuharisha, hakuna ruba, hakuna cha kumeza, na daktari wako ajue. Akikuambia uache vidonge vya hospitali, chukua kanga yako uondoke.

Ile 150,000 idai kwa upole mara moja. Asipoirudisha, iache. Ovaloki kanunue baada ya kurudi Moshi au Bombo, ukishajua dawa zinakugharimu kiasi gani kwa mwezi. Na siku ya kwenda chukua mfuko wa rambo, tia humo mkebe mweupe, chupa ya samli, vile vidonge vyeusi na karatasi yake, vidonge vya presha, na kustabani yako. Daktari akikuuliza kucha zimekuwaje, mwekee mezani.

Shangazi